Mama Ukili na Maonyesho Yasiyopangwa

Tamasha la sanaa na kazi za mikono la mji wetu lilianza kwa sababu ya bati bovu.

Shangazi yangu ni msusi wa vikapu. Watu humwita Mama Ukili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta bila utepe wa ukili, ule msuko wa majani ya mkindu, mkononi, hata akiwa kwenye foleni ya benki. Mwaka ule mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, chumba chake cha nyuma kikavuja, na vikapu themanini na kitu vikalowa chepechepe. Jua lilipotoka, uani hapakutosha. Akavianika barabarani: juu ya ukuta, juu ya viti, vingine kwenye madirisha ya majirani bila hata kupiga hodi.

Mama yangu, fundi cherehani, akapita.

"Wifi, umefungua duka au umechanganyikiwa?"

"Naanika! Shika hiki, punguza maneno."

Kufika saa nne watu walikuwa wamejaa. Mmoja akauliza maonyesho yanaisha saa ngapi. Shangazi akafungua mdomo aseme ukweli, mama akamkanyaga mguu.

"Jioni," mama akajibu, kisha akatimua mbio kwenda kuleta magauni yake.

Seremala kuona vile, akaja na vigoda kichwani. Mfinyanzi akasukuma mkokoteni wa mitungi huku akipiga kelele apishwe, na ni mtungi mmoja tu uliovunjika. Kinyozi naye akaleta kiti, akanyoa watu pale pale, akiapa kwamba hiyo pia ni sanaa.

Mwaka uliofuata, watu wakamgongea shangazi mlango. "Maonyesho lini?"

Mvua hakuna, bati jipya. "Jumamosi," akasema, ili mradi waondoke. Jumamosi mtaa ukafurika.

Mwaka wa tatu barabara ikafungwa. Wa tano zikaja tarumbeta za shule. Wa tisa wakaja wakubwa wa halmashauri, na mmoja akahutubia kwamba tamasha lilikuwa "mpango wa muda mrefu." Shangazi alicheka mpaka akatolewa nje ya hema akanyweshwe maji.

Mwaka wa ishirini wakamfanya jaji wa vikapu. Kila kikapu kilikuwa na namba, majina yamefichwa. Alipofika namba kumi na saba akakigeuza, akakibinyabinya, akashika kipaza sauti.

"Huyu ana mkono mzuri, lakini ana haraka! Tazameni ukingo huu. Alikuwa anawahi wapi? Nafasi ya tatu. Aje nimfundishe."

Mama akasimama katikati ya watu, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Ni chako, wifi! Ulinipa siku ya harusi yangu, nami nikakiingiza kwa siri!"

"Basi nilikuwa nawahi harusi yako, wewe!"

Umati ukalipuka kwa kicheko. Mfinyanzi akakaa chini kabisa, akajishika mbavu. Shangazi akajitangaza, akajipa mkono, akajivisha utepe wa mshindi wa tatu. Kisha akamwita aliyeshika nafasi ya kwanza, muuza maziwa mpole ambaye hakuwahi kushinda kitu maishani, akamkumbatia mpaka miwani ikadondoka.

Siku hizi shangazi na muuza maziwa husuka pamoja kila Alhamisi. Ukipita dirishani pa shangazi, utasikia kicheko kabla hujaona mtu.