Matundu Kwenye Picha ya Kifua

Krrr kwenda, krrr kurudi. Utotoni mwangu pale Kamembe hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha, nayo ilikuja na harufu mbili: ya sufu iliyopitishwa kwenye mshumaa ili iteleze, na ya sambaza, dagaa wa kwetu, walioanikwa huko chini, njia ya kwenda ziwani. Hadi leo nikinusa mshumaa uliozimwa, mkono wangu wa kulia unataka kusukuma kitu. Sauti ilikuwa ya mashine ya kufuma sweta, mali ya shangazi yangu Zaina. Ilikuwa ndefu kama benchi, imejaa sindano zilizopangwa kama meno, na juu ya sindano kulikuwa na kichwa cha chuma unachokisukuma kushoto na kulia. Kichwa hicho tulikiita treni, ingawa treni yenyewe sijaiona mpaka leo. Shangazi aliinunua kwa mama mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akiondoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akaivusha darajani vipande vipande ndani ya blanketi, miezi michache baada ya kumzika mumewe.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu. Mama aliugua, wadogo zangu wakahitaji wa kuwabeba, na walipoanza kutembea nilikuwa nimeshapitwa na wenzangu. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili mjue ni nani anayewaandikia habari za masomo, maana kuandika huku kwenyewe mjukuu wangu Hadija ananisahihishia herufi, ananuna, tunaendelea. Nilipelekwa kwa shangazi kumviringishia nyuzi, na makubaliano yalikuwa wazi: mashine ikifanya kazi, nakaa, ikikosa kazi, narudi kwetu Nyakarenzo kulima. Kulima si aibu, nimelima sana tangu hapo. Lakini msimu ule wa mvua nilikuwa nimeipenda mashine, na mtoto akipenda kitu hivyo ni vigumu kumrudisha shambani.

Mashine ilikuja na kadi zake. Kadi ni kipande kigumu, kirefu, kimejaa matundu. Unakiingiza kwenye mdomo wa mashine, na kwa kila mwendo wa treni kinashuka mstari mmoja. Kadi ndiyo inayosema ua litoke wapi. Tulikuwa na kadi za maua yasiyoota kwetu, na moja ya mnyama mwenye pembe kama matawi. Sweta za mnyama huyo tuliziuza sana kwa watu wa Nkungu, kule juu karibu na msitu, ambako asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni bila kuvuta tumbaku. Nakumbuka wazee wawili walibishana mlangoni kwetu kama huyo ni mbuzi au ni swala, hadi mmoja akakata shauri kuwa ni mbuzi aliyebeba kuni, na tangu siku hiyo jina likawa hilo. Lakini nimetoka njiani.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu, mwanamke mnene mcheshi aliyevuka daraja kila wiki na mafurushi yake kichwani. Siku moja alikaa kwenye mkeka, akaisukuma kando sweta ya mbuzi, akasema wateja wake wamemchoka mnyama huyo. Wanataka mistari ya kupinda kama ile ya vikapu vyetu, inayopanda na kushuka kama milima.

"Zaina, mimi niko nakuambia kweli," alisema. "Batu banataka kitu ya kwao. Ukinifanyia, nabeba zote. Ukishindwa, nitatafuta fasi ingine."

Shangazi alijibu kwamba kadi zinatoka Ulaya na hakuna kadi ya vikapu. Mama Furaha akaondoka bila kununua. Hata kabla usiku haujaingia, shangazi alikuwa ameshaanza kusema habari za kuwauzia mashine masista wa foaye, kituo cha kina mama kilichokuwa njia ya Mururu, ambako wasichana walifundishwa kushona na kufuma na kupewa cheti. Nikaiona Nyakarenzo mbele yangu na jembe lake. Nikasema moyoni, hapana.

Nilichofanya kesho yake hakuna aliyenifundisha. Nilichukua sweta ya mbuzi, nikaitandika sakafuni, nikaweka kadi yake kando, nikaanza kulinganisha. Penye tundu, uzi mweupe. Pasipo tundu, uzi wa rangi ya sweta. Hilo lilinijia upesi. Lililonitesa ni kwamba nilipotazama mashine ikifuma, mstari niliouona mdomoni haukulingana na mstari uliotoka kwenye sindano. Nililia kwa hasira. Kisha nikagundua kuwa mashine inasoma mstari ulio chini zaidi, umeshamezwa tayari. Unaouona wewe ni chakula kilicho bado mkononi. Sijui kama nimewahi kufurahi tena namna ile, hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo kwa sababu nilimwambia.

Nikakata kadi kutoka katoni ya sabuni. Matundu niliyatoboa kwa chuma cha kutobolea mikanda nilichokiazima kwa jirani yetu fundi viatu. Katoni ikalainika kwa unyevu wa mvua na meno ya mashine yakaitafuna. Nikakata nyingine, ikatafunwa. Shangazi alikuwa ananitazama tu. Katoni ya tatu ilipochanika aliingia chumbani, akatoka na bahasha kubwa ya kahawia aliyokuwa akiilaza chini ya godoro. Ndani mlikuwa na picha ya kifua ya mumewe, Bwana Saidi, ile nyeusi ya hospitali, ambayo ukiiinua kwenye mwanga unaona mbavu. Hakuwa na picha nyingine ya mtu yule.

"Hii haichanike," alisema. "Lakini ukata mara moja, weye mutoto. Ya pili sina."

Nikakata. Matundu yakapita kati ya mbavu za Bwana Saidi, yakipanda na kushuka. Tulipoivuta treni mara ya kwanza shangazi alikuwa ameshika kifua chake mwenyewe. Milima ikatoka. Kadi ilipofika mwisho tuliiunganisha ncha kwa ncha, ikazunguka, na milima ikaanza tena yenyewe, bila mtu kuiambia. Mwezi ule tulifuma mpaka nyuzi zikatuishia. Mama Furaha aliziona sweta akapiga vigelegele, akazifunga zote, akavuka daraja.

Wiki iliyofuata alirudi nazo. Alizibwaga kwenye mkeka na wala hakusalimia.

"Ingiza mukono," alimwambia shangazi.

Shangazi akaingiza mkono katika sweta ya mtoto, na vidole vikanasa. Kwa ndani, nyuma ya milima yangu mizuri, uzi ulikuwa umevuka mwendo mrefu kutoka tundu hadi tundu, unaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Kila mtoto aliyevaa alinasa vidole, akavuta, na milima ya mbele ikajikunja yote. Mama mmoja wa Bukavu alimwambia Mama Furaha kwamba amemuuzia mtego wa panya. Kadi za Ulaya hazikuwa na ugonjwa huo, na mimi nilikuwa nimezitazama mchana kutwa bila kuona ni kwa nini. Shangazi hakunigombeza. Alifunika mashine na kanga, akaanza kuikunja miguu, tayari kwa kuwauzia masista.

Basi nilichukua sweta moja nikaenda foaye kwa miguu, mvua ikinyesha. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Madame Vestine, mkali, viatu vyake haviguswi na matope sijui kwa nini. Nilimpa sweta nikingoja asifu milima. Yeye aliigeuza ndani nje kabla ya kutazama chochote. Mpaka leo namwona akiigeuza.

"Nani alikufundisha?"

"Mimi mwenyewe, Madame."

"Inaonekana. Mbele umejifundisha vizuri. Nyuma hapakuwa na mtu wa kukuambia."

Akanieleza, kwa maneno machache, kwamba uzi haupaswi kusafiri mbali bila kukamatwa. Palipo na uwanja mtupu kati ya mlima na mlima, toboa tundu dogo uzi ushikwe. Ni hilo tu. Ningelijua peke yangu? Labda, baada ya kuharibu sweta za Kamembe nzima. Yeye aliambiwa asubuhi moja darasani na mwalimu wake, naye mwalimu wake aliambiwa na mwingine. Nikaona shule ni nini: watu wengi walishanasa vidole kabla yangu, na mtu fulani ameyaweka maumivu yao mahali pamoja.

Nikamwomba anipokee. Akasema haiwezekani, masista wanataka cheti cha msingi na Kifaransa kidogo. Nikakaa kwenye benchi. Akasema sheria ni sheria. Nikamwambia, Madame, wasichana wako wanajua kutumia kadi, lakini hawajui kuitengeneza. Nipe nafasi nijifunze nyuma, nami nitawaonyesha kutoboa. Hakucheka. Aliitazama tena sweta, safari hii upande wa mbele, kwa muda. Akasema atauliza, na aliuliza kweli, maana nilipokewa siku za Jumanne, bila jina kwenye orodha.

Nitasema ukweli wote kuhusu foaye, kwa sababu kuna watu wakiisifu shule wanaisifu mpaka unaona aibu. Nusu ya mambo yalikuwa ya kupoteza mchana. Tulifundishwa kukunja vitambaa vya meza, na mimi kwetu meza haikuwepo. Tulifuma vipande vya mraba na kuvifumua, tukafuma tena, mpaka nikawa naota miraba. Lakini ni katika miraba hiyo nilipojifunza kupima kabla ya kufuma, na kujua sweta itakuwa kubwa kiasi gani wakati bado ni uzi. Mwisho wa msimu wenzangu walipewa vyeti vyenye muhuri. Mimi nilipewa mkono. Iliniuma, na iliniuma tena miaka ya baadaye, maana walioajiri walitaka muhuri na hawakuwa na haja ya kutazama nyuma wala mbele ya kitu chochote.

Kuhusu kadi, sikuwa na picha nyingine ya kukata, na shangazi hakuwa na mume mwingine. Nikatoboa matundu madogo katika ile ile, katika viwanja vitupu, nikishikilia pumzi kila chuma kilipogongwa, kwa kuwa tundu likikosewa halizibiki. Tulipofuma, milima ikatoka na nukta ndogo ndogo zikaanguka katikati yake. Mama Furaha aliitwa. Safari hii hakutazama rangi. Alikunja kanga yake begani, akaingiza mkono wote kwenye mkono wa sweta, vidole amevitanua kama mtu anayetafuta ugomvi, na vikatokea upande wa pili.

"Na hii mvua imetoka wapi?" aliuliza, akionyesha nukta.

Nikamwambia ni ya foaye. Akasema mvua ndiyo inafanya milima ipendeze. Alizibeba zote, na tangu hapo watu wa ng'ambo waliziita sweta za mvua. Mashine ilibaki. Nami nilibaki, mpaka nikaolewa nikiwa na mashine yangu mwenyewe.

Sasa mnisamehe nirukie leo. Hadija, huyu anayenisahihishia, anaandika programu za kompyuta. Alijifunza kwenye simu, amejikunja kitandani, anatazama vijana wa mbali wakieleza, anajaribu, inakataa, anajaribu tena. Aliwatengenezea wauza sambaza wa hapa kitu cha kupokea maagizo kwa simu, na kilikuwa kizuri machoni, na wiki mbili wote walimwita mhandisi. Kisha siku moja watu wengi waliagiza kwa pamoja, maagizo yakachanganyika, samaki wa mmoja wakaenda kwa mwingine, na kina mama wakaja mlangoni kwetu kwa sauti ninazozijua. Nyumbani ukazuka ubishi. Baba yake anasema shule ya mambo hayo ni miaka ya kupotea, kila kitu kipo kwenye simu bure. Mama yake anasema bila diploma hakuna atakayemwajiri. Walibishana juu ya kichwa chake wiki nzima, yeye hata simu hakuigusa, nikajua kuwa amekaribia kuacha yote.

Nilimwita, nikamtolea kadi. Bado ninayo, ndani ya bahasha ile ile ya kahawia. Aliiinua kwenye mwanga, akaona mbavu na matundu, akasema, "Koko, hii ni programu." Koko ndivyo wajukuu wanavyotuita huku. Nikamwambia mimi sijui hilo jina, ninachojua ni kwamba haya makubwa niliyatoboa mwenyewe, na haya madogo nilifundishwa. Akauliza ni yapi yalikuwa na maana zaidi. Mjukuu wangu ana akili lakini wakati mwingine anauliza kama baba yake.

Nilimpa sweta ya mwisho ya mvua, ile niliyoiweka sandukuni. Nikamwambia aingize mkono. Akauingiza, vidole amevitanua, vikatokea upande wa pili bila kunasa. Akaigeuza ndani nje, mwenyewe, bila kuambiwa, akatazama upande wa nyuma kwa muda mrefu.

Jumatatu alikwenda kujiandikisha katika shule ya kompyuta. Simu yake alikwenda nayo.