Tezi ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi cherehani, na watu wanamwita Kipimo. Jina hilo alijipa mwenyewe, halafu akajifanya limemuudhi. Mashati ya wakubwa anayapima kwa tepu kila mahali isipokuwa shingoni. Kola anajizungushia kitambaa shingoni mwake, anakibana kwa vidole viwili, anakata. "Ikinitosha mimi, inamtosha mwanamume yeyote," anasema. Mteja akilalamika, anaambiwa aende kwanza akatafute shingo. Na ajabu ni kwamba miaka yote hiyo mashati yaliwatosha watu, ndiyo maana kichwa kikamvimba.

Mimi nakaa dirishani kwenye kiduka hichohicho, natia vifungo na kupiga pindo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, sikusimuliwa. Mdomo alikuwa nao siku zote. Lakini kuna mwaka mdomo ule ulipata moto. Chai ikipoa kidogo, anaimwaga uani. Mtoto akicheka chumba cha pili, anauliza nani anachekwa. Alikuwa anakula sahani tatu na bado suruali zinamdondoka. Akawa anazipunguza kiuno kila mara huku anakitukana kitambaa, ati siku hizi wanafuma vitambaa vinavyotanuka. Sisi tumevaa masweta, yeye anatoka jasho mpaka mashine inalowa. Mikono ikaanza kumtetemeka. Kutunga uzi kwenye sindano, jambo alilolifanya bila hata kuangalia, akawa ananiletea mimi, tena kwa kunifokea kwamba tundu za sindano zimekuwa ndogo.

Majirani nao, si unawajua. Wengine walisema dada anamnyima chakula. Wengine walisema ana mwanamke nje, kwa sababu mwanamume akikonda lazima atafutiwe mwanamke. Dada yangu alinivuta jikoni kwake, akafunga mlango, akaniambia, "Mdogo wangu, nimeshapata chumba. Naondoka. Sitaki kuzeeka nikitukanwa." Nilimkumbatia, na moyoni nilisema, haya, hatimaye.

Ndipo ikaja kazi ya sare za walinzi. Msimamizi wao alizichukua zote, na kesho yake akazirudisha zote. Alimvalisha mlinzi mmoja palepale dukani, akamfunga kifungo cha juu, akapitisha ngumi yake nzima kati ya kola na shingo.

"Fundi, humu si anaingia na mwenzake?"

"Walinzi wako wamekonda!" Kipimo akafoka. "Walishe!"

Nilichoka, jamani. Nilinyanyuka na tepu, nikamzungushia yeye mwenyewe shingoni, mbele ya msimamizi na mlinzi wake. Tepu ilinionyesha shingo ya mtu mwingine kabisa. Na pale mbele, chini ya koo, palikuwa pametuna.

"Shemeji, hebu meza mate."

Akameza. Kile kitu kikapanda, kikashuka. Msimamizi akarudi nyuma hatua moja. Kumbe tulikuwa tumewashonea walinzi wote uvimbe wa shemeji.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, ambaye Kipimo alimuuliza kwanza kama mkubwa wake yupo. Binti akampima mapigo, akamtazama macho yaliyomtoka, akamwambia anyooshe mikono. Majibu ya damu yalipotoka, alituita wote watatu. Alisema mbele ya koo kuna tezi yenye umbo la kipepeo, na kazi yake ni kutoa homoni zinazouambia mwili uende kasi gani. Ya kwake ilikuwa inatoa nyingi kupita kiasi, ndiyo maana moyo ulikuwa unakimbia hata akiwa amekaa. Angeendelea kubisha, moyo ungemshinda.

Dada akauliza taratibu, "Na hasira je?"

"Hasira pia inaweza kuletwa na hiyo, mama."

Loo! Dada alilia pale pale kwenye kiti, kwa furaha. "Kumbe si yeye," alikuwa ananiambia kwenye korido, amenishika mkono, "ni tezi. Nilikuwa nataka kumkimbia mgonjwa!" Chumba akakiacha. Vidonge akavitunza yeye kwenye mkoba wake, anampa kwa saa zake, na maji anamshikia.

Kipimo naye, mwenyewe, hajapata kupenda kitu maishani kama alivyoipenda ile tezi. Akimtukana mteja, ni tezi. Akichelewesha kazi, tezi. Mkwe wake, yaani mama yetu mzazi, alikuja kumjulia hali, yeye akamwambia mbele ya wageni kwamba amezaa mabinti wasiojua kupika. Mama akaondoka bila kunywa hata maji, na yeye akajishika shingo, "Nisameheni, tezi hiyo." Mambo ya nyuma kabisa, ya kabla hawajaoana, nayo akayapeleka hukohuko. Alipoona ya shingo imezidiwa na kazi, akasikia kwamba kuna nyingine juu ya figo, basi akaongeza na hizo. Na dada yangu anaitikia tu, "Pole, mume wangu." Mimi dirishani natoboa kitambaa kwa sindano kama nimekosana nacho.

Wakati huohuo, nyie, mtu alikuwa ananenepa. Mikono imetulia, uzi anatunga mwenyewe, jasho hakuna. Nikimtajia dada, ananikatiza: ugonjwa wa ndani hauonekani kwa macho.

Shule zilipofungwa tulirudi kwa daktari, na safari hii dada alikataa kusubiri nje kama alivyoambiwa na mumewe mara ya mwisho. Tuliingia wote. Binti akasoma majibu, akatabasamu.

"Vizuri sana, mzee. Homoni ziko sawa, kama zilivyokuwa mara iliyopita."

"Mara iliyopita ipi?" dada akauliza.

"Mlipokuja kabla shule hazijafunguliwa. Zilikuwa zimeshatulia. Nilimwambia baba."

Kipimo akatazama feni.

"Mama yetu alikuja kumjulia hali shule zikiwa zimeshafunguliwa," dada akasema, kama anajihesabia mwenyewe. Kisha akamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

Mtu wangu, badala ya kujibu, akamsogelea daktari na kumnong'oneza, "Hakuna hata kidogo iliyobaki?"

"Hakuna, mzee. Ila usiache dawa, itarudi."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona dada uso wake nikashindwa. Alifungua mkoba, akatoa vidonge, akamwekea mapajani. Akamweleza kimoja kimoja, kwa sauti ileile ya kila siku: hiki asubuhi, ukishakula, usiruke. Akamshukuru daktari, akatoka. Nikamfuata.

Nje nilikuwa na matusi yamejaa mdomoni, niliyomwandalia shemeji miaka mingi. Dada akaniwekea mkono.

"Matusi yake nilishayazoea, mdogo wangu," alisema. "Lakini nilimhurumia. Kila siku nilimhurumia, na yeye alikuwa ananiangalia nikimhurumia."