Chai ya Fundi Cherehani

Watu wakiniona nanunua majani ya chai ya vumbi, yale meusi laini, hunishangaa. "Mzee, wewe ulikuwa mtu wa chai, mbona unakunywa ya rahisi?" Huwa nawajibu kwamba yanakoleza upesi. Ni kweli, yanakoleza, lakini hiyo si sababu. Sababu ni mwanamume mmoja ambaye mpaka leo sijamsamehe vizuri, na sina haraka.

Miaka ya hamsini ikielekea kwisha nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya Wazungu, katikati ya mji wa Nairobi. Tarishi kwa jina tu. Kazi yangu hasa ilikuwa chai, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wakubwa walikunywa majani marefu yaliyosokotwa, yaliyokuja ndani ya mkebe, na masharti yao yalikuwa mengi. Birika lioshwe kwanza kwa maji ya moto, majani yakae ndani yafunikwe yasiguswe, maziwa yaje kando, na vipande vya limau viwepo kwa wale wasiotaka maziwa. Makarani wa Kihindi wao walitaka yao ichemke na tangawizi na iliki mpaka sufuria ilie. Nilizijua zote. Mkubwa mmoja alisema mbele ya watu kwamba tangu afike nchi hii hajapata mpishi wa chai kama mimi, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Sasa, Wazungu wale walikuwa na tabia moja iliyoniumiza roho. Majani yakishatiwa maji mara moja tu, basi, yatupwe! Kwetu magharibi, nilikozaliwa, chai tuliinywa Krismasi na siku ya mgeni mkubwa. Nitupe majani ambayo bado yana rangi? Hata! Nilianza kuyakusanya, ya birikani na yaliyobaki vikombeni, nikayakamua, nikayaanika juu ya gazeti kwenye dirisha la stoo, na kwa kuwa siku za kazi nililala mjini, kila Jumamosi nikitoka kazini saa saba nilikuwa nayafunga kwenye kitambaa, napanda baiskeli, naenda nayo nyumbani Uthiru, ambako mimi, mke wangu na mtoto wetu tulikuwa tumepanga chumba kimoja kwa mwenyeji mwenye ng'ombe wa maziwa.

Mke wangu nilimwambia kwamba mkubwa ameniona mtu wa maana, ananigawia majani yake mwenyewe. "Haya ndiyo wanayokunywa wenyewe," nilimwambia siku ya kwanza. Alifungua kile kitambaa, akanusa, akasema, "Asante, baba." Nikajiona bwana.

Mke wangu hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Nilimpenda, lakini nilimpenda vibaya. Nilitaka kila kinachomchekesha kiwe kimetoka kinywani mwangu.

Halafu Jumamosi moja nilifika mapema kidogo nikakuta mlango umefungwa. Nikazunguka na baiskeli mpaka njia panda, kwenye duka la Mhindi. Pale barazani alikuwa anakaa fundi wa cherehani, mtu wa kwetu kabisa, mrefu, mwenye mwanya, aliyekuwa amemwacha bibi yake kijijini. Kando ya cherehani alikuwa na jiko la makaa na sufuria ya chai, na kila aliyekuja pale alipewa kikombe bure. Nikamwona mke wangu ameketi kwenye benchi, kikombe amekishika kwa mikono miwili, anacheka. Anacheka mpaka amefunga macho!

"Karibu, ndugu yangu!" fundi akaniita. "Shemeji hapa anasema chai yangu haina mwenzake. Keti nikumiminie."

Shemeji! Ni neno la kawaida, kila mtu analitumia kwa mke wa mwenzake, lakini siku ile liliniingia kama mwiba. Shemeji mtu anaweza kumtania, anaweza kumwambia lolote, na mume akinuna anaonekana mshamba.

"Nimeshiba," nikasema. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi.

Tulipofika nyumbani nikamwuliza chai ya fundi ina nini. "Ni chai tu," akasema. Majani gani? "Ya vumbi. Yale ya dukani." Nikacheka kwa nguvu, kicheko cha uongo. Nikamwambia vumbi ni yale yanayofagiliwa sakafuni kiwandani baada ya majani ya maana kuwekwa kwenye mkebe. Yeye akaendelea kukunja nguo za mtoto.

Basi wivu ukanipanda. Mimi, fundi wa chai, ninayepikia wakubwa, nishindwe na mtu wa sindano? Niliomba tangawizi na iliki kwa makarani wa Kihindi nikaleta nyumbani. Nilimfundisha mke wangu kuosha birika kwa maji ya moto. Jumapili baada ya kanisa nilipika mwenyewe, nikalifunika birika kwa sweta yangu ya kazini ili joto lisitoke, nikaketi mbele yake nimtazame akinywa. Alikunywa nusu kikombe. Kila mara nusu. Alikiweka chini polepole, akasema, "Ni nzuri, baba," halafu akanyanyuka kwenda kumwangalia mtoto ambaye hata hakuwa amelia.

Ile nusu iliyobaki ndiyo ilinitesa. Ofisini nilikuwa naiona kwenye kila kikombe nilichokusanya. Nilianza kumchunguza. Nikifika nyumbani namsogelea nione kama nguo zake zinanuka moshi wa makaa. Zilinuka. Niliona ana uzi mweupe umenasa kwenye sketi, nikaona vidole vyake vina vidoti vya kudungwa, na vyote hivyo nikavihesabu upande wa ubaya. Nilijua ninachoogopa. Niliogopa Jumamosi moja nitafika nikute chumba kimefagiliwa, kamba ya nguo haina kitu, na mke wangu na mtoto hawapo. Nikipandisha kilima cha Kangemi na baiskeli, moyo ulikuwa unanidunda kwa hilo wala si kwa kilima.

Jumamosi iliyomaliza maneno nilifika nikamkuta ndani, mtoto amelala. Namshukuru Mungu kimoyomoyo, nainua macho, naona juu ya rafu pakiti ya majani ya vumbi. Mpya. Haijafunguliwa.

"Hii nani amekununulia?"

"Hakuna mtu aliyeninunulia."

"Ni fundi!"

"Ni mimi."

"Wewe na pesa gani?"

Akanitazama kama mtu aliyechoka. "Nashona matundu ya vifungo vya mashati yake. Tangu mvua ya masika. Mashati ya wanafunzi ni mengi, yeye peke yake hawezi kumaliza. Wewe ulifikiri naenda pale kufanya nini?"

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Angesema pole, angeketi. Lakini mwenye wivu hata ukimpa jibu zuri anaona umemnyang'anya kitu. Nikapandisha sauti. "Haya, matundu ya vifungo. Nimekubali. Sasa niambie, kwa nini chai yake unamaliza na yangu kila siku unaacha nusu? Mimi mumeo! Nakuletea majani ya wakubwa, majani ambayo fundi wako hajawahi hata kuyanusa!"

Alifungua fundo la pembeni ya leso yake, pale wanawake wanapoficha vitu vyao, akamwaga mezani vitu vidogo vidogo vilivyokauka. Niliviangalia bila kuvielewa. Halafu nikavielewa.

Zilikuwa mbegu za limau. Saba au nane hivi, na kipande cha kijiti cha kiberiti kilichoungua.

"Hizi natoa kwenye majani yako," akasema. "Ya kwanza nilifikiri imeingia kwa bahati mbaya. Ya pili nikajua."

Nilitaka kusema kwamba majani yale bado yalikuwa mazima, bado yalikuwa na rangi, kwamba nimeyaanika kwenye gazeti safi.

"Sikukuambia," akaendelea, "kwa sababu ulikuwa unaingia na kile kitambaa ukiwa umefurahi sana. Nikasema wacha, nitakunywa. Nusu naweza. Kumaliza nashindwa, baba, nikikumbuka. Lakini wewe! Nimekunywa kikombe kimoja kwa mwanamume mwingine, barazani, watu wote wanaona, na umekosa raha miezi yote hii. Mimi mwaka mzima nakunywa vya watu wangapi?"

Mtoto akaamka kwa kelele. Mama yake akambeba, akamtuliza mgongoni, akawasha stovu ya mafuta kwa mkono mmoja huku mimi nimesimama kama mgeni asiyekaribishwa. Alitia maji sufuriani, akafungua ile pakiti yake, akachota majani kwa kijiko na kuyasawazisha kwa kidole. Yalipoanza kuchemka akaongeza maziwa, na chai ilipopanda akaiinua juu ya moto, akairudisha, akaiinua tena. Alifanya hivyo mara tatu. Ofisini sijawahi kufanya hivyo. Rangi yake ilikuwa ya udongo wa kwetu baada ya mvua.

"Nikuwekee?" akaniuliza.

Nilikaa. Nilitaka sana iwe mbaya. Nilionja kwa ncha ya ulimi, nikitafuta uchungu, nikitafuta ladha ya sakafu ya kiwanda. Loo! Ilikuwa nzito, tamu, kali pale nyuma ya ulimi, na ilikuwa chai nzuri kuliko zote nilizowahi kupika mimi, za wakubwa na za makarani. Mke wangu alikuwa anakunywa pia. Alimaliza kikombe chake chote, akakiinamisha nikaona chini kabisa.

Nilijua jibu kabla ya kuuliza, lakini mdomo wangu haukunisikiliza.

"Hii ya kuinua mara tatu umefundishwa na nani?"

"Na fundi," akasema, akaishika sufuria aniongeze.

Roho iliniuma. Nikasogeza kikombe.