Mwaisha, Mwosha wa Wenye Majina

Miaka ile Mdachi alipokuwa na boma lake Morogoro, waliishi mke na mume ambao watu waliwaamkia kwa heshima lakini hawakupenda kula chakula walichokigusa. Mume aliitwa Abasi, mke Mwaisha. Abasi aliosha maiti wa kiume na kuchimba makaburi. Mwaisha aliosha wanawake. Kazi hiyo Mwaisha aliirithi kwa mama yake, Mluguru wa milimani aliyeolewa mjini. Alianza kwa kushika kata ya maji tu, mama akimwonya amwagie polepole, kwa kuwa maiti bado anahisi.

Nyumba yao ilikuwa upande wa Kilakala, mlima umewainamia kwa nyuma. Kabla ya gari la moshi, Mwaisha aliwajua karibu wote aliowaosha. Walikuwa mashangazi wa watu na wake wa majirani, na kila aliyelala kitandani alikuwa na kundi la kumlilia uani. Reli ilipofika kutoka Dar es Salaam, mambo yakageuka. Misafara ya pembe iliyokuwa ikishuka Bagamoyo ikakoma, na waliokuwa wakila kwa misafara wakakosa pa kula: waimbaji, wapiga zumari, makungwi, wakubwa wa njia walioongoza wapagazi. Wakazifuata kambi za reli, maana penye wafanyakazi hapakosi ngoma. Kambi zikahamia Kilosa, zikaenda Dodoma, zikaendelea hata Tabora. Wenye nguvu walikwenda nazo. Waliochoka walibaki Morogoro, na waliobaki walikufa.

Hivyo mji mdogo usiokuwa na sifa ukawa makaburi ya wenye sifa. Alifia pale Kibwana mpiga zumari, ambaye zamani harusi za pwani ya Mrima zilimngoja yeye ndipo bwana arusi atoke. Abasi alimwosha peke yake, asipate hata mtu wa kumgeuza ubavu. Alifia pale Yunusi, aliyekuwa jumbe wa kituo kikubwa cha misafara, mtu wa kubebwa kwa machela. Boma lilimvua ujumbe na kumchapa viboko hamsa ishirini mbele ya wake zake, na tangu siku hiyo hakuweza kuketi sawasawa. Alifia pale Mwanaheri, kungwi aliyewacheza wanawali wa nusu ya pwani. Huyo aliangukia mikono ya Mwaisha, na jeneza lake lilifuatwa na watu sita.

Mwaisha hakuogopa maiti. Kilichomchoma ni ule upweke. Alimwambia mumewe kwamba watu hawa walikuwa wameujaza ulimwengu, na sasa wanatoka kama watu wa kutoroka. Abasi akamjibu kwamba kila maiti ni mzigo wa mtu mmoja, ila wengine wakiwa hai husindikizwa na wengi mpaka wakasahau.

Mwaka uleule reli ilipofika Tabora, alishuka garini mwanamke mrefu, amekonda, ana kikohozi cha damu. Alikuwa Furaha, manju wa lelemama, ngoma ya wanawake, wa Bagamoyo. Mwaisha alimtambua kwa sauti kabla ya sura. Alipokuwa msichana aliwahi kumsikia akiimba msafara ulipolala mjini, na siku hiyo wapagazi waliokuwa wametupa mizigo na kujilaza kama magogo waliinuka wote wakacheza. Sasa Furaha hakuwa na pa kufikia. Mwaisha alimpa chumba cha uani.

Siku za mwanzo mgeni alizungumza kidogo. Kikohozi kilipomruhusu, alieleza habari zake. Jina la Furaha alipewa na tajiri aliyemnunua. Alikuwa mtumwa, akaimba hata tajiri wake akajulikana kwa ajili yake, mpaka akapata hati ya uhuru yenye muhuri wa boma. Hati hiyo alikuwa nayo bado, imekunjwa ndani ya kibweta. Lakini alikotoka hakukujua. Alichokumbuka ni baridi ya asubuhi, mashamba ya magimbi kwenye mteremko mkali, na wimbo wa kubembeleza mtoto ambao maneno yake hakuyaelewa tena.

Mwaisha alimwomba auimbe. Furaha aliuimba kwa sauti iliyokwaruza, akikatizwa na kikohozi. Mwaisha akautambua. Ulikuwa wa Kiluguru. Ulimwambia mtoto asilie, mama amekwenda Lukindo kuteka maji. Na Lukindo ilikuwa kijito cha milimani. Mama yake Mwaisha alikuwa akikitaja.

Furaha alipoelezwa alilia bila kutoa sauti. Halafu akasema neno lililokuwa limemkalia moyoni.

"Mdogo wangu, nimeimba kwenye misiba ya watu wengi. Maiti akishafukiwa, mwalimu wa dini humwita kwa jina la mama yake, amfundishe la kuwajibu malaika. Mimi ataniita binti nani?"

"Asiyejulikana mama yake huitwa wa Hawa," Mwaisha alijibu. "Sote ni wa Hawa."

"Wa Hawa ni wa kila mtu. Nenda kanitafutie mama yangu."

Mwaisha alijua Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtu asiye na mama hana ukoo, na asiye na ukoo hana hata mahali pa kulaza mifupa. Akamkabidhi mgonjwa kwa jirani yake Mwajuma, aliyekuwa akimsaidia kuosha, akafunga kanga kiunoni na kupanda mlima.

Alitembea siku moja na nusu. Njia ilipita kwenye migomba na maharage, ukungu ukishuka hata asione miguu yake. Karibu na Lukindo palikuwa na kijiji cha misheni, na wengi walikuwa wamebatizwa. Aliuliza nyumba hadi nyumba kama kulikuwa na mtoto wa kike aliyepotea zamani, wakati wa biashara ya watu. Vijana walitikisa kichwa. Wazee waliinama wakaendelea kupalilia. Mwishowe mtu mmoja alimwonyesha kwa kidevu nyumba ya mama mmoja aitwaye Modesta, mwenye rozari shingoni na mikono iliyopinda kwa jembe.

Mwaisha alimwamkia, akakaribishwa, akapewa gimbi la kuchoma. Alieleza safari yake. Modesta alisikiliza mpaka mwisho. Mwaisha alipouimba ule wimbo, mama yule akaweka gimbi lake chini.

"Hakupotea," alisema. "Ilikuwa njaa. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kufa nyumba hii. Mjomba akamchukua mdogo wangu, akampeleka kwa watu wa bunduki kule bondeni, akarudi na mtama. Mama akaupika. Mtama ule na mimi niliula."



Modesta akaendelea kwa sauti ya chini. Mama yao hakuwahi kulitamka tena jina la mtoto yule, na ukoo wote ulikubaliana kusema kwamba alichukuliwa na maji. Mtoto wa mjomba ndiye mkuu wa ukoo wa jirani sasa, watu wameoleana, mashamba yamegawanywa. Akirudi aliyetolewa, kila mmoja atalazimika kukumbuka. Alimtaka Mwaisha arudi akaseme kwamba hakumkuta mtu.

"Ni mgonjwa, mama. Haji kudai shamba. Anataka jina la mama yake, basi."

Modesta alishika rozari muda mrefu. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga majani ya migomba. Mwishowe alisema, "Semeni. Mama yetu aliitwa Semeni." Kisha akainuka akaingia chumba cha ndani, asitoke tena kumuaga mgeni.

Mwaisha aliteremka haraka, akiteleza kwenye matope, jina lile akilirudia mdomoni kama mtu aliyebeba kaa la moto asije akalizima. Njia nzima aliwaza kama atamweleza Furaha habari ya mtama. Akakata shauri atampa jina tu, mengine atayameza mwenyewe.

Alipoingia uani alimkuta Mwajuma anaanika godoro la usufi. Hakuhitaji kuuliza.

Furaha alikuwa amekufa siku iliyotangulia, asubuhi. Mwajuma alimwosha vizuri, kwa majani ya mkunazi na kafuri. Watu kumi walimsindikiza, wengi wao wafanyakazi wa reli waliosikia kwamba aliwahi kuwa mtu mkubwa. Abasi alichimba kaburi, na mwalimu alipouliza jina la mama wa marehemu, Abasi alisema hajui. Akaitwa wa Hawa.

"Ningejua unarudi leo ningemwambia mwalimu angoje," Abasi alisema.

"Maiti hangojewi," Mwaisha alimjibu, akaenda kuvua nguo zilizolowa.

Alimwendea mwalimu kumuuliza kama talakini, yale mafundisho ya kaburini, inaweza kusomwa upya. Mwalimu, mtu mpole, alimwambia kwamba malaika wakishauliza wameuliza, na Mungu anawajua waja wake. Mwaisha alishukuru akatoka. Maneno yale yalikuwa ya kweli, lakini hayakumsaidia. Kibweta cha Furaha alikifungua akakuta hati ya uhuru, kitana, na utepe wa hariri wa lelemama. Hakujua ampe nani. Akavirudisha.

Miaka miwili ilipita. Vita vya Wazungu vikaanza, na askari wakapita nyumba kwa nyumba wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Abasi alichukuliwa kutoka makaburini, jembe mkononi, udongo ukiwa bado magotini. Hakupewa nafasi ya kuaga.

Ilikuwa baada ya masika yaliyofuata, Mwaisha akiwa peke yake, ndipo Modesta alipotokea mlangoni. Alikuwa amefunga kichwa kitambaa cheupe, amechoka, anaegemea fimbo. Alisema amekuja kumwona mdogo wake. Alikuwa ameungama kwa padri, na padri alimwambia aende.

Mwaisha alimkalisha, akamweleza kwamba alikufa kabla ya kulipata jina. Modesta hakulia. Aliomba apelekwe kaburini.

Walikwenda. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, na makaburi ya wageni hayakuwa na mawe. Vijiti vya alama vilikuwa vimechukuliwa na maji. Safu ya Furaha Mwaisha aliijua, lakini safu hiyo ilikuwa na matuta zaidi ya ishirini, mengine yamedidimia, mengine mapya ya wapagazi walioletwa wakifa. Aliyejua kila tuta ni la nani alikuwa Abasi.

"Ni lipi?" Modesta aliuliza.

Mwaisha angeweza kuonyesha lolote. Alitazama mikono ile iliyopinda, akashindwa kumdanganya.

"Sijui, mama."

Modesta akauliza mdogo wake alikuwa mtu wa namna gani, alifanya kazi gani huko alikokwenda.

"Alikuwa mwimbaji. Sauti yake ilijulikana toka Bagamoyo mpaka Tabora. Watu waliacha mizigo kumsikiliza."

"Huko juu hatukumsikia," Modesta alisema.

Hakukubali kulala mjini. Mwaisha alimsindikiza mpaka mwanzo wa mlima, akamtazama akipanda polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, mpaka migomba ikamficha.

Abasi hakurudi. Mpagazi mmoja aliyetoroka alileta habari kwamba alianguka kwa kuhara damu njiani kusini, na msafara haukusimama. Mwaka wa 1916 Wadachi waliuacha mji, nyuma yao wakaja Wazungu wengine, nao wanataka wapagazi. Maiti walikuwa wengi kuliko maji na kuliko sanda, wakafukiwa katika mahandaki. Mwaisha alihamia upande wa Mzumbe, akalima mihogo kwenye shamba la dada yake. Msiba ulipotokea jirani walikuja kumwomba aoshe maiti, kwa kuwa sifa yake ilikuwa imemtangulia. Aliwaambia mikono yake imekufa ganzi, wamtafute mwingine.