Sauti Yangu Ilivyonitangulia Nyumbani

Mwaka wa kambare mnaukumbuka. Maji yalibeba mahindi, yakabeba kuku, yakabeba na choo cha kanisa, na yalipoondoka yakatuachia kambare wamelala mashambani kama magogo. Tulikula kambare asubuhi, mchana na jioni mpaka watoto wakanuka matope. Safari yangu ya Garsen niliifanya mwaka uliofuata, tulipokuwa tukinywa uji wa unga wa msaada na mpunga mpya ndio kwanza unatia maziwa kwenye punje.

Sababu ya safari ni mjukuu wangu Rehema. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye amesoma mpaka anafundisha mafundi wa programu za simu na kompyuta. Si wanafunzi, nasema mafundi, watu wenye mvi. Alinipigia simu akasema, "Bibi, wiki ijayo nafundisha Garsen. Tutajifunza kwa kutengeneza programu ya kuonya watu mafuriko. Ujumbe wa kuandika hawausomi. Nataka sauti yako ndiyo iwaite."

Kazi yangu mnaijua. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho kwenye kona ya mto. Nimechomeka vijiti vitatu ukingoni, kama alivyofanya mama yangu, na maji yakifunika cha tatu napiga ukelele, kijiji kizima kinapanda mwinukoni. Sijawahi kuita bure. Mwaka wa kambare niliita, na hatukuzika mtu. Kwa hiyo nilimjibu palepale: "Sauti yangu haitaita maji ambayo macho yangu hayajayaona."

Akacheka. "Basi njoo tu unione ninavyofundisha."

Hapo akanipata. Bibi gani angekataa?

Jumatatu alfajiri nilivitazama vijiti, vyote vikavu, nikamkabidhi jirani yangu Mzee Komora avilinde. Mguu wake mmoja hauna kazi tena, lakini mdomo haujapungua. "Nenda, Mama Jilo," akasema. "Huko Garsen ndiko maji yanakotoka. Ukiyaona, tupigie, tusingoje vijiti." Nikavuka kwa mtumbwi, nikapanda bodaboda, vumbi likanipaka rangi mpya.

Saa nne nilikuwa Minjila kwa Bi Halima, muuza maziwa wa Waorma, wale wafugaji wa ng'ombe. Tumejuana tangu tulipokuwa tukibadilishana mahindi yangu na maziwa yake. Nilipomweleza nilikokwenda, aliweka kibuyu chini.

"Wanaume wazima wanafundishwa na msichana? Wanafundishwa nini wasichokijua?"

"Ndiyo naenda kuona," nikasema. Nikalala kwake.

Jumanne asubuhi, Garsen. Ukumbi una feni inayozunguka kwa uvivu, na watu kumi na wawili wameinamia kompyuta. Mbele amesimama Rehema, huyu huyu niliyemfuta kamasi, anawaambia, "Mnayoyajua yawekeni pembeni kidogo." Nilishika mdomo. Na wazee wakaweka! Aliniambia kwamba wanajifunza kiunzi kipya cha kujengea programu. Nikamwambia kiunzi nakijua: mtu mwingine ameshasimamisha nguzo na fito, wewe unakandika tu. Akawageukia mafundi wake: "Mmesikia? Bibi ameelewa kabla yenu." Ukumbi ukacheka. Nilivimba kichwa, sifichi.

Mmoja hakucheka. Bwana Sudi, ndevu nyeupe, ndiye aliyekuwa akiutunza mfumo wa zamani wa kutuma ujumbe wa mafuriko. Rehema alikuwa amewapa namba za simu zilizowekwa mezani pale pale, za kujaribia. Akawaonya mara tatu nikisikia: "Kiunzi hiki hakisubiri. Mfumo wa zamani ulikuuliza mara mbili kabla haujatuma. Hiki, ukihifadhi kazi yako tu, kinatuma. Tumieni namba za mezani."

"Mwalimu," akasema Bwana Sudi, "kazi hii nimeianza ukiwa chekechea."

Baada ya chai wakataka sauti ya kujaribia. Kila aliyejaribu alionya kama anayesoma matangazo ya vifo redioni. Rehema akanitazama. "Bibi, ni ya mazoezi. Haitatoka humu." Nami, kwa kuona macho yote yananingoja, na kwa zile sifa za asubuhi, nikasimama nikaita kama ninavyoita: "Maji! Maji yanakuja! Pandeni!" Simu zikaninasa. Waliporudia kuisikiliza nywele zilinisimama. Sikujua kwamba ninatisha hivyo.

Jumatano saa tano simu yangu ikalia. Mzee Komora. Nyuma yake mbuzi wanalia, watoto wanalia.

"Mama Jilo, tumeshapanda! Wamenibeba juu ya mlango! Maji yamefika wapi huko?"

"Maji gani?"

"Si umetupigia sasa hivi? Simu zote zimelia, ni wewe!"

Nikamwambia sikuita, lakini kwa kelele zile hakunisikia, simu ikakatika na haikupatikana tena. Nilimtazama Rehema, Rehema akamtazama Bwana Sudi, na Bwana Sudi alikuwa anatazama kioo cha kompyuta yake kama mtu aliyeona nyoka kitandani. Kuandika namba za mezani alikuwa ameona uvivu. Alichukua orodha yake ya zamani, yenye vijiji vyetu vyote, akaibandika, akahifadhi kazi, akainuka kufuata maji ya kunywa. Mkono wake ulifanya uliyoyazoea kwa miaka yote.

"Haikuniuliza," akasema polepole. "Haikuniuliza kitu."

"Nilikwambia haitauliza!" Sijawahi kumsikia Rehema akipaza sauti kwa mkubwa wake.

Nami je? Kama ningetulia kwenye neno langu la kwanza, Bwana Sudi angetuma nini? Nilichukua kikapu changu nikatoka.

Minjila, adhuhuri. Bi Halima alikuwa mlangoni. "Shoga, vijana wetu wamehamisha ng'ombe kutoka mtoni kwa sauti yako. Wamewatoa kwenye majani mabichi. Maji yako wapi?" Nilipomweleza, hakunikaribisha chai. Alisema tu, "Hata sisi tulikuwa tunakuamini wewe," akaingia ndani.

Jioni nilifika nyumbani. Mnajua mpunga ukitia maziwa hauachwi hata saa moja, mtu lazima aamie, afukuze ndege kutwa. Siku hiyo watu wote walikuwa mwinukoni wakitazama mto usiopanda, na ndege wakashuka. Shamba langu, la jirani, la jirani wa jirani: mashuke yamebaki makapi. Mzee Komora walikuwa wamemwangusha njiani pamoja na mlango wake, kiwiko kimevimba kama nazi.

Kesho yake nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikisema ni mimi niliyeitoa sauti na si mimi niliyeita. Wengine walinionea huruma, wengine walinicheka. Mzee Komora hakucheka.

"Sikiliza, Mama Jilo. Ulipokuwa ukiita, mimi nilikuwa natafuta fimbo kabla hujamaliza. Sasa ukiita nitauliza kwanza: ni wewe au ni simu? Na mimi na mguu huu, nikianza kuuliza, nimekufa."

Hilo ndilo lililonichoma, kuliko mpunga.

Jumamosi Rehema alipiga simu. Bwana Sudi alikuwa kando yake, akaniomba radhi kwa sauti ya mtoto. Kumbe alikaa siku mbili akisoma kiunzi upya, kuanzia ukurasa wa kwanza. Programu sasa inauliza, haitumi ovyo. Mafunzo yameisha vizuri, na wakubwa wanaitaka.

"Bibi, itajua maji yakiwa bado Garsen," Rehema akasema. "Mtapata muda mwingi kuliko vijiti. Ni chombo kizuri."

"Najua ni kizuri. Wewe ndiye umekifundisha. Basi kiite chenyewe kwa sauti yake, kijitaje kwamba ni chombo, kikisema kweli mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu watakiamini. Mimi ilinichukua maisha."

"Lakini sauti yako wanaiamini tayari."

"Waliiamini. Imani iliyobaki nailinda, imfae Mzee Komora siku maji yakija kweli."

"Bibi, tafadhali. Mara hii sitakuangusha."

Nilikuwa nimesimama ukingoni. Kijiti cha kwanza kilikuwa kimelowa.

"Sauti yangu haitaita maji ambayo macho yangu hayajayaona."