Sauti ya Saa Saba

Kabla ya kusoma tangazo la kifo, mtangazaji wetu wa redio huinyoosha karatasi kwa kiganja, hukohoa mara moja, kisha huishusha sauti anapolifikia jina. Huu ni mwaka wa sita nakaa naye kwenye mitambo. Rungwe nzima inaijua sauti ile. Akimtaja mtu saa saba mchana, saa tisa wanawake wako njiani na mikungu ya ndizi kichwani, wanakwenda msibani. Asubuhi huchambua magazeti kwa sauti hiyohiyo, na hapo hana breki. Jumanne alimfikia kijana wa Masukulu aliyehukumiwa kunyongwa, ambaye rufaa yake haijasikilizwa. “Huyo muuaji ameshakufa,” alisema, “bado kuzikwa tu.” Mimi nilicheka.

Kesho yake mama wa kijana alikuja studio, kanga imelowa mvua. “Mwanangu, watu wamejaa uani kwangu wanalia,” alimwambia mtangazaji. “Wanasema wamekusikia wewe. Tangaza kwamba Ambakisye yuko hai, na kesi haijaisha.” Hakubishana. Aliandika maneno yale nyuma ya fomu ya tangazo la kifo, akayasoma kimoyomoyo mara mbili. Saa saba nikamfungulia kipaza sauti. Akainyoosha karatasi kwa kiganja, akakohoa mara moja, na alipolifikia jina la Ambakisye, sauti ikashuka yenyewe. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kioo, anasikiliza. Akajifunika kanga usoni.