Fine, Halafu?

Siku yangu ya kwanza kazini kama nesi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Sista Mkuu wa kliniki yetu ndogo kule mtaa wa Mbotela alinikabidhi kalamu ya bluu, rundo la kadi za wajawazito na maagizo mafupi: "Muulize hali, pima presha, andika, mwite mwingine." Foleni ilikuwa imezunguka jengo.

Nilikuwa nauliza kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiingereza. "Fine, sista." Jambo hilo lilinishangaza. Mama mboga aliyekuwa akimlilia jirani yake kuhusu kiuno tangu asubuhi, akifika mbele ya yunifomu yangu anakuwa "fine". Nikaanza kuchunguza, maana mimi ni mdaku tangu utotoni na sioni haya kusema. Wale wa mtaa wa Buruburu waliliimba neno hilo vile tulivyofunzwa darasa la kwanza, tumesimama wima mbele ya mwalimu. Wasichana wa Huruma walisema "niko fine" huku wamegeuza uso, yaani niache. Kina mama wa kutoka magharibi mwa nchi waliongezea "tunashukuru Mungu". Yote niliyaandika kwenye daftari langu, nikajiona mjuzi.

Mwezi wangu wa tatu akaja Mama Nekesa, mke wa kibarua wa kiwandani, mimba ya miezi minane. Mashine ya presha tulikuwa nayo moja tu, na wakati huo ilikuwa chumba cha pili.

"Habari yako, mama?"

"Fine, sista. Kichwa tu."

Nikaandika "fine", nikamwita mwingine. Mama Nekesa alipokuwa anatoka niliona amevaa malapa ya mumewe, makubwa, na bado yanambana. Nilimpima tumbo mama aliyefuata, nikampima na wa pili, ndipo akili ikanijia. Miguu kuvimba na kichwa kuuma, kwa mjamzito, ni presha imepanda, na ikiachwa huleta kifafa cha mimba. Kifafa hicho huua mama na mtoto.

Nilitoka mbio hadi Barabara ya Jogoo, kofia ikabaki njiani. Nilimkuta ameketi ukingoni, ameshika kichwa. "Niko fine, sista," akaniambia. "Macho tu ndiyo yanaingia giza." Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Nilimrudisha kliniki, tukampima; presha ilikuwa juu mno. Sista Mkuu alimdunga dawa, akampeleka hospitali yeye mwenyewe kwa gari la jirani. Mama Nekesa alijifungua siku hiyo hiyo, katoto kadogo lakini kenye sauti.

Kesho yake Sista Mkuu aliweka ile kadi mbele yangu. Hakupandisha sauti. "Hii uliyoandika ni salamu. Watu wetu hata matangani husema nzuri kwanza, kisha ndio wakupe habari. Mwache mtu amalize kusalimu, halafu umuulize." Nilienda nikalia chooni.

Tangu siku hiyo nilikuwa naacha "fine" ipite, naweka kalamu chini, nauliza, "Fine, halafu?" Walicheka, wakanibandika jina Sista Halafu. Wakishacheka, walisema. Nilipohamishiwa Huruma, daktari msimamizi alichungulia mlangoni akiwa amenuna.

"Sista, foleni haisongi. Unapiga gumzo?"

"Ndio, daktari."

Alizoea, kwani angefanya nini?

Sasa nimestaafu. Kwa miezi mitatu nimekuwa na uvimbe kwenye titi, na binti yangu akipiga simu namwambia niko fine. Mimi, Sista Halafu, wa kufanya hivyo. Juma lililopita nilijikaza nikaenda kliniki ile ile ya Mbotela, nikapanga foleni kama wengine. Nesi alikuwa binti mchangamfu, kadi zimemjaa mezani.

"Habari yako, shosho?" akaniuliza, kama anayemsalimu bibi yake.

"Fine," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

Akaanza kuandika. Nikamshika mkono.

"Weka kalamu chini, mwanangu," nikamwambia. "Niulize tena."